Wasomaji Hodari

Klabu ya vitabu ya mtaani kwetu hukutana kila mwisho wa mwezi. Safari hii ilikuwa zamu ya Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 iliyotafsiriwa kwa Kiswahili 2022. Mwenyekiti akakifungua kitabu chake kwa mbwembwe. Risiti ya duka ikadondoka, ya asubuhi ile ile. Mjadala hata hivyo ulikolea: mbona sambusa za mwezi huu zimejaa vitunguu?

Kuchagua kitabu kijacho hakukuchukua muda. Kusadikika ya Shaaban Robert ilipita bila kupingwa, si kwa uzito wa hoja zake, bali kwa wembamba wake. Hongereni, wasomaji! Vitabu vyenu vingali vipya. Sahani ndizo mlizozisoma hadi ukurasa wa mwisho.