Friji ya Sista

Baba alimwita Mama Watoto. Wajukuu walimwita Kukhu. Watu wengine wote, kuanzia Tororo hadi Busia ya pande zote mbili za mpaka, walimwita Sista. Mama alizaliwa 1931, mwaka ambao reli ilifika Kampala. Alisomea uuguzi Mulago, akarudi mashariki, akaolewa na fundi wa matrekta katika chuo cha zana za kilimo kilichokuwa Busitema kabla ya chuo kikuu kuanzishwa pale 2007. Zahanati alizohudumia ni nyingi. Mimi namkumbuka zaidi kwa friji, kwa sababu siku ile alikuwa nesi, mke na mama kwa pamoja, na wote watatu walikuwa na haraka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Mpango wa taifa wa chanjo ulikuwa umezinduliwa 1983, nchi bado ina vita, na kila kitu kilipatikana kwa taabu, mafuta ya taa yakiwamo. Upepo ukaezua paa la zahanati. Friji ikaletwa kwetu kwa mkokoteni wa ng'ombe, ikawekwa sebuleni. Ilitumia mafuta ya taa: chini kuna utambi, na moto wake ndio unaoleta baridi. Joto huitoa amonia kwenye maji ndani ya mabomba ya nyuma. Amonia inapogeuka mvuke upya karibu na chumba cha chanjo, huondoka na joto lake. Haina mota. Inataka utambi safi na kusimama wima kabisa. Baba aliipima kwa pimamaji, akapachika vibao chini ya miguu yake.

Mama alitundika daftari kwa uzi. Kipimajoto kilisomwa asubuhi na jioni: kati ya nyuzi 2 na 8, basi. Hakuna aliyeruhusiwa kuifungua, hata mgeni aliyeomba maji baridi.

Kisha wakaja wakwe. Dada yetu mkubwa alikuwa ameposwa na kijana wa Busia upande wa Kenya, na wazee wa kwao walikuja kuzungumza mahari. Sebule haikutosha. Shangazi, ambaye kwa kupokea wageni hana mfano, aliwaagiza vijana waisogeze friji barazani, ambako sakafu ina mteremko wa kutolea maji ya mvua. Iliinama kidogo tu. Jioni Mama alipokwenda na kalamu yake, kipimajoto kilisoma 11. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki.

Hakumgombeza mtu. Alimimina chai ya wakwe kwenye sufuria, akazisuuza themosi zote mbili kwa maji baridi, akachukua ndoo na kwenda barabara kuu. Lori la samaki kutoka ziwani lilipotokea, alisimama katikati ya njia, kitenge kiunoni, mkono juu. Dereva akafunga breki. Mama akarudi na barafu inayonuka mbuta.

Chanjo za polio na surua haziharibiwi na barafu, akazipanga zigusane nayo. Zile za pepopunda, kifaduro na dondakoo zikiganda zimeharibika. Akazivingirisha gazeti na kipande cha kanga, akazipa themosi yao. Chupa mbili zilizokuwa zikigusa bamba la baridi alizitilia shaka. Akazitikisa, akazisimamisha mezani mbele ya wakwe, akangoja. Chanjo nzima hubaki na ukungu wake. Iliyoganda hutuama, chembe chini, maji maangavu juu. Ya kwanza ilibaki na ukungu. Ya pili ikajitenga. Mama aliishika hiyo ya pili muda mrefu kabla ya kuitupa.

Baba naye alikuwa amezima utambi na kuvua koti. Mzee mkwe akavua lake. Wakaipindua friji, kichwa chini miguu juu, dawa ya zamani ya mafundi. Mahari ilizungumzwa hapohapo barazani, watu wameizunguka. Idadi ya ng'ombe imenitoka. Nakumbuka asubuhi yule mposaji akifunga themosi nyuma ya baiskeli kwa mipira, akaondoka polepole kama aliyebeba mayai. Mama akamwambia dada, "Huyu anajua kubeba." Kwa Mama, posa ilikuwa imekubaliwa.

Friji ilisimamishwa, ikaachwa itulie, ikawashwa jioni. Usiku wa manane Baba alituamsha sote: nyuzi 7. Mama alisoma mwenyewe, akaandika, kisha akamkabidhi mumewe kalamu. Tangu hapo zamu ya jioni ikawa ya Baba hadi friji iliporudi zahanati. Wazee wa rika lao hawakushikana mikono mbele ya watoto. Daftari ninalo: asubuhi mwandiko wa Mama, jioni mwandiko wa Baba, ukurasa baada ya ukurasa.

Baba alimtangulia. Mama aliishi hadi akapita miaka tisini. Tarehe 25 Agosti 2020 redio ilitangaza kwamba Afrika imethibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Masikio yalikuwa yamechoka. Akataka sauti iongezwe, akasikiliza hadi mwisho.

"Na surua je?"

Tukamwambia surua bado ipo. Akaagiza kadi za vitukuu wote ziletwe, moja moja, na miwani yake.