Siri Yenye Tiketi

Phi Phi Leh ni kisiwa kidogo cha mawe ya chokaa kusini mwa Thailand. Hakina kijiji wala hoteli. Jioni moja, boti za watalii zilipokwisha kuondoka, Papa wa mapezi meusi kutoka ghuba ya Maya alikuja kuzungukazunguka chini ya Pango la Viking, anakoishi Kijumbamshale.

KIJUMBAMSHALE: Shikamoo, Mjomba. Umepotea njia?

PAPA: Marahaba, mwanangu. Nimekuja kupumzika. Kule kwetu nimepigwa picha tangu asubuhi.

KIJUMBAMSHALE: Si umaarufu huo!

PAPA: Umaarufu wenyewe ulianza na watu wa sinema, mwaka 1999, wale wa The Beach na kijana wao DiCaprio. Hadithi ilihusu ufukwe safi usiojulikana na mtu. Walipoukuta wakaona haujafanana na ufukwe! Wakang'oa majani yaliyoshika mchanga, wakapanda minazi. Wakashtakiwa, na kesi ikaja kwisha 2022.

KIJUMBAMSHALE: Halafu siri ikavuja.

PAPA: Ivuje wapi? Iliuzwa. Filamu ilipotoka 2000, kila mtu akataka kuwa wa kwanza kufika. Wa kwanza hao wakafikia zaidi ya 5,000 kwa siku! Nanga zinapiga matumbawe, mafuta ya kujipaka yanaelea juu kama tui. Sisi tukahama, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi.

KIJUMBAMSHALE: Ndipo serikali ikafunga.

PAPA: Juni 2018. Walisema miezi minne tu. Walipochungulia chini wakaona hali ya matumbawe, wakafunga mpaka Januari 2022, huku wakiyapanda upya kipande kwa kipande. Tukarudi wenyewe bila mwaliko. Sasa boti haziingii ghubani. Zinashusha watu upande wa nyuma, Loh Samah, na kuogelea ni marufuku.

KIJUMBAMSHALE: Basi unalalamikia nini?

PAPA: Silalamiki, nashangaa. Kila mtalii anamwambia mwenzake asogee, maana anataka picha inayoonyesha yuko peke yake. Na pale Pileh, lile ziwa la chumvi lililozungukwa na majabali, wanaliita "lililofichika". Ukitaka kulijua lilipo, fuata msururu wa boti.

KIJUMBAMSHALE: Hukulificha wewe, wala wao hawakuligundua. Limejichimba lenyewe: jabali la chokaa linatafunwa na mvua juu, bahari inalitoboa chini. Na majina nayo hudanganya: mimi mwenyewe nakaa Pango la Viking. Umewahi kumwona Viking huku?

PAPA: Hata mmoja.

KIJUMBAMSHALE: Ukutani kuna michoro ya majahazi. Mtu akaona yamefanana na meli za Viking, jina likaganda. Aliyechora hakuulizwa.

PAPA: Lakini nyie mna raha. Mtalii anaishia mlangoni, ndani haingii.

KIJUMBAMSHALE: Sababu ni mate yangu.

PAPA: Mate?

KIJUMBAMSHALE: Kiota nakijenga kwa mate; humo gizani njia naitafuta kwa kutoa milio mifupi mifupi na kusikiliza mwangwi. Wachina wanakipikia supu, na bei yake inatisha. Wenye leseni wanapanda majukwaa ya mianzi hadi darini, wanakibandua kiota, nami naanza kutema upya. Ndiyo maana pango lina walinzi. Wanachokilinda ni mzigo wao.

PAPA: Kumbe analindwa anayeibiwa!

KIJUMBAMSHALE: Na wewe, Mjomba, ulifukuzwa na wanaokupenda. Wasingekupenda hivyo, usingehama.

PAPA: Tatizo langu sina mate ya kuuza.

KIJUMBAMSHALE: Una mapezi. Supu yake nayo ina wateja.

PAPA: Ishia hapo hapo, mwanangu! Biashara hiyo naijua, na mwenye pezi hapewi nafasi ya kuota jingine. Afadhali hao wa picha.

KIJUMBAMSHALE: Basi niwaambie nini wakipita hapa kesho?

PAPA: Waambie wanaopanga safari wasije Agosti wala Septemba, maana ghuba hufungwa kila mwaka miezi hiyo. Miezi mingine karibuni, lakini kaeni mchangani. Yale maji ya magotini ndimo wanamokulia wanangu.