Kafa Jumatano, Kavaa Hereni Alhamisi

Jumatatu
Novela ilitangazwa kuwa ya saa mbili usiku. Saa mbili tulikuwa tumeketi, Koko, mzee wetu, mbele, watoto chini. Tukatazama taarifa ya habari. Tukamtazama waziri akikata utepe. Tukatazama taarifa ileile tena kwa Kilingala, na waziri akakata utepe uleule. Ndipo mpwa wangu akakumbuka kwamba saa iliyotangazwa ni ya Kinshasa, na sisi wa Bukavu tumewatangulia kwa saa nzima. Saa tatu kamili wimbo wa kufungua ukalia, na umeme ukaenda. Parseli zote za mtaa wetu wa Nguba zikasema "Aaah!" kwa pamoja. Sikujua kwamba hata yule jirani anayetuita wavivu hutazama.

Jumanne
Nimepata dawa. Kijana wa Nyawera anayejaza filamu kwenye flash ameniuzia La usurpadora nzima, ya Mexico, 1998, iliyotiwa sauti ya Kifaransa. Tutatazama kwa betri ya sola, bila kumngoja mtu wa Kinshasa wala wa umeme.

Koko hasikii Kifaransa. Mpwa wangu hukaa kwenye mkeka karibu na sikio lake, akamfasiria. Anafasiri vizuri, ila wakibusiana husema "wanasalimiana". Koko amesema watu wa Mexico wana heshima sana, hata ndani ya gari husalimiana.

Hadithi ni hii. Paola ni tajiri na hana haya. Paulina ni maskini, tena ana sura ya Paola. Paola anamlazimisha aende kukaa nyumbani kwa mumewe kama yeye, ili mwenyewe apate kutanga na wanaume. Wote wawili ni mwigizaji mmoja, Gabriela Spanic. Nimemweleza Koko. Akauliza kama huyo mwigizaji alilipwa mara mbili.

Jumatano
Mambo yamekimbia. Jana mtu alikuwa hajafungua sanduku la nguo, leo Paola amekufa kwa ajali ya gari. Watu wamelia, wamesamehe, wamesalimiana mno. Koko amesema hii ndiyo novela, si zile za kukuzungusha mwezi mzima kwa barua moja.

Mchana mteja wangu wa Panzi aliniletea kikwembe na picha kwenye simu: Paola amesimama kwenye ngazi na gauni jekundu. Analitaka lilelile kwa harusi ya Jumamosi ijayo. Nimempima. Ametoa nusu ya pesa.

Alhamisi
Paola yuko mbele ya kioo, anavaa hereni.

Hakuna aliyeshtuka. "Huyo ni pacha," akasema Koko, akaomba chai. Nami nikaona ni sawa. Mwanamume aliyekwisha samehewa leo kaanza kukosa, na mtoto wa nyumba hiyo akaonekana kama aliyepungua urefu kidogo. Tumeendelea.

Karakana yangu ina wanafunzi wachache wa kushona, na wachache kati yao wanashona. Nikakumbuka kisa cha kuwatia moyo: Peru mwaka 1969 kulikuwa na novela iitwayo Simplemente María: msichana wa kazi za ndani anajifunza kusoma, anashika cherehani, anainuka mpaka anakuwa mbunifu wa mavazi. Inasimuliwa kwamba wanawake walifurika kwenye mafunzo ya kushona, mashine zikauzwa, na siku ya kurekodi harusi ya María maelfu ya watu wakaja kanisani Lima, wengine wamebeba zawadi. Miguel Sabido wa Mexico aliitazama novela hiyo akajiuliza: kama hadithi inaweza kuuza mashine bila kukusudia, itafanya nini ikikusudia? Akaanza kutunga za makusudi, mwaka 1975. Njia yake ndiyo iliyofika Dar es Salaam mwaka 1993 ikawa Twende na Wakati ya redio, yenye dereva wa lori, Mkwaju, na UKIMWI wake.

Nimewasimulia wanafunzi wangu habari za María. Mmoja ameuliza kama aliolewa mwishoni. Sindano ya mashine namba 3 imevunjika wakati nikijibu.

Ijumaa
Mpwa wangu ameifungua flash kwenye simu, akaona majina ya faili. Yamepangwa hivi: 1, 10, 100, 101, 102, 11, 12. Chombo chetu kinasoma tarakimu kama herufi. Kwa hiyo Jumanne tulitazama ya 1 na ya 10, Jumatano tukatazama mwisho wa habari yote, na jana tukarudi ya 11.

Nimewatangazia watu wa nyumbani. Koko amesema yeye hakuona kasoro.

Na ukweli ni kwamba hakuna kasoro kubwa. Mchezo wa aina hii ulitungwa kwa mtu asiyetazama. Irna Phillips, mwalimu wa Marekani aliyeanza na Painted Dreams kwenye redio ya Chicago mwaka 1930, alimwandikia mama aliye jikoni: ana mtoto mgongoni, sufuria inafoka, mlango unagongwa. Mama huyo atakosa nusu. Basi kila jambo lisemwe mara tatu. Mtu aambiwe mimba sebuleni, aisimulie kwa rafiki simuni, kisha abaki peke yake dirishani ajisemee kwamba ana mimba. Ukikosa sebule utapata dirisha. Guiding Light, ambayo Phillips aliianzisha redioni mwaka 1937, ilihamia televisheni 1952 na haikuisha mpaka 2009. Miaka 72. Kuna waliozaliwa, wakazeeka na wakafa katikati ya ugomvi mmoja wa urithi.

Walatini walifanya jambo moja la huruma: novela zao huisha. Hazivuki mwaka sana, watu wanaoana, mbaya anaadhibiwa, kwaheri. Ila ukizitazama nyingi unaanza kuuliza kama uliwahi kuingia nyumba hiyo. Kuna sababu. La usurpadora, Marimar, Rosa salvaje, Los ricos también lloran, zote chimbuko lake ni hadithi za mwanamke mmoja wa Kuba, Inés Rodena, zilizochukuliwa, zikabadilishwa majina na kushonwa upya. Kama fundi nalielewa jambo hilo. Patroni nzuri haitupwi.

Mama wa sabuni amepita mlangoni na beseni lake katikati ya sehemu ya 12, anauza vipande. Nikamwambia kwamba michezo hii kwa Kiingereza inaitwa ya sabuni, kwa kuwa makampuni ya sabuni ndiyo yaliyoilipia; Procter & Gamble walidhamini Ma Perkins mwaka 1933 ili kuuza sabuni yao ya unga, Oxydol. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama fundi, mimi niko nauza sabuni tangu zamani na hakuna siku mulinipa hata kiti." Tumempa kiti. Ametazama mpaka saa nne, na beseni limebaki limejaa.

Jumamosi
Mpwa wangu amerudi shuleni. Nafasi yake ya ufasiri imechukuliwa na kaka yake, kijana wa maneno machache. Paola na mumewe wamegombana kwa dakika nzima, Koko akageuza sikio. "Wamekasirika," akasema kijana. Baadaye daktari ametoa maelezo marefu akionyesha karatasi. "Hapana muzuri," akasema kijana.

Karakanani pamekuwa na mjadala. Mteja wa Panzi alikuja kujaribu gauni, akaonyesha picha tena kwa majivuno. Mwanafunzi wangu akaitazama kwa karibu.

"Mama, huyu si Paola. Hapa ni Paulina amevaa nguo za Paola."

"Unajuaje?"

"Anaona haya."

Tukaipitisha simu. Wengine wakasema ni Paola, kwa vile mkono uko kiunoni. Wengine wakasema Paulina, kwa vile mkono umewekwa kiunoni kama wa kuazima. Mteja akaketi, akafikiri, akasema kama ni la maskini basi nipunguze bei. Nikasema gauni ni la Paola, aliyelivaa ndiye Paulina. Akasema yeye hanunui gauni, ananunua sura. Sauti zikapanda mpaka muuza sambaza wa nje akaingia kuamua, naye akaanza kwa kumtukana mama mkwe, ambaye hakuwa kwenye picha.

Huku kwetu mashariki ya Kongo mijadala ya namna hii imewahi kupimwa. Shirika la La Benevolencija, lililokuwa likitoa Musekeweya nchini Rwanda tangu 2004, lilituletea mchezo wa redio wa Kiswahili, Kumbuka Kesho, wa kupatanisha watu. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia wasikilizaji. Sehemu nyingine mchezo ulirushwa peke yake. Sehemu nyingine ulifuatwa na kipindi cha kuwahimiza watu wakae wajadiliane waliyoyasikia. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2010 ni kwamba waliohimizwa walijadiliana zaidi kweli, na wakazidi kutovumiliana, hata wakawa wazito kumsaidia mtu wasiyempenda. Nilitaka kuwasomea wateja matokeo hayo lakini hapakuwa na nafasi ya kuingiza neno.

Bei haikupungua. Mteja ameondoka bila kuaga.

Jumapili
Shemeji amekuja baada ya misa, akala bugali na sombe, akasema novela za siku hizi ni za watoto, yeye ni mtu wa mchezo wa Dallas. Amesimulia tangu 1978, visima vya mafuta na kofia, na J.R. alivyopigwa risasi mwaka 1980, dunia ikakaa miezi ikiuliza nani kampiga. Kisha ndugu yake, Bobby, akafa. Mazishi, machozi, msimu mzima bila yeye. Mwaka 1986 aliyekuwa mkewe anaamka, anafungua mlango wa bafu, Bobby yumo anaoga. Yote yalikuwa ndoto.

Koko aliacha kutafuna. Akauliza kama kule Dallas watu walikuwa wametoa mchango wa matanga. Shemeji akasema bila shaka. Koko akauliza ulirudishwa kwa nani. Shemeji, ambaye ni mweka hazina wa mutualité, chama cha kusaidiana cha ukoo, alisema ni lazima aondoke kabla ya mvua. Mvua haikunyesha.

Jumatatu
Gauni limekwisha. Nililipiga pasi ya makaa asubuhi, nikalitundika, nikaenda Feu Rouge kutafuta zipu ya kazi nyingine. Nimerudi, halipo. Mwanafunzi anasema mteja alikuja, akalijaribu, likamkaa kuliko siku zote, akamalizia pesa yote bila kuomba kupunguziwa, akashukuru, akaenda.

Nikashangaa hiyo shukrani.

Saa tisa mteja wa Panzi ameingia na pesa mkononi, ameuliza gauni lake. Mwanafunzi amemtazama usoni, miguuni, usoni tena. Mteja ameketi polepole. Ana dada, kasema, wamepishana mwaka mmoja. Dada anatazama La usurpadora pia. Wanakaa nyumba moja, na harusi ni ileile.

Nimemwonyesha pesa za dada. Amezihesabu, akanirudishia, akauliza kama kikwembe kilibaki. Kimebaki cha kutosha mkono mmoja na kola.