Picha Kibera, Kitanda Lavington

Nina vyumba viwili vya kulaza wageni. Kimoja kiko Kawangware, upande wa Gatina, juu ya duka la nafaka na chini ya familia inayotwanga kitu kila alfajiri. Cha pili kiko Kibera, Olympic, hatua chache kutoka Kibera Drive. Vyote nimekodi, nikavipaka rangi, nikavitundikia mapazia, kisha nikaviweka mtandaoni kwa shilingi 1,800 usiku mmoja. Ukivuka ukaingia Lavington na hizo hela, watu wawili hawashibi chakula cha mchana.

Watu wakisikia nina vyumba viwili wananiita mwekezaji. Mwekezaji gani anashinda juu ya boda kati ya Gatina na Olympic, amekumbatia mfuko wa mashuka, akiomba mvua isinyeshe kabla ya Dagoretti Corner?

Tunaambiwa biashara hii ilivumbuliwa San Francisco mwaka 2007. Vijana wawili walilemewa na kodi ya nyumba, wakatandika magodoro ya kujazwa upepo sebuleni, wakawatoza wageni wa kongamano dola 80 kwa usiku. Ndiyo hiyo Airbnb. Sina kinyongo nao, lakini naomba iandikwe mahali kwamba sebuleni kwa mamangu hapa Kawangware magodoro yalitandikwa kila likizo ya Agosti, tena ya sponji. Walilala binamu, mashangazi, fundi wa redio kutoka nyumbani, na jamaa mmoja ambaye hadi leo upande wa baba unadhani alikuwa wa upande wa mama. Hakuna aliyetozwa, na hakuna aliyetoa nyota. Waliamka, wakanywa chai ya asubuhi, wakaulizia ya saa nne.

Mgeni wa siku hizi anatoa nyota, na nyota hazina mahakama ya rufaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakuwa na ukurasa wa maoni ya wateja. Mimi siku ya tatu nampa taulo safi na kumuuliza kama mto umemkaa vizuri, na bado ananipa nyota mbili kwa sababu jogoo aliwika mapema. Jogoo mwenyewe si wangu, ni wa jirani. Nilikwenda kumnunua nimtie kwenye sufuria, lakini jirani alipojua kwa nini namtaka, bei ikapanda hadi nikaona heri hizo nyota mbili.

Kibera imezoea wageni kuliko mitaa mingi ya Nairobi. Wacheza filamu ya The Constant Gardener walipita hapa, ikatoka 2005. Mwaka uliofuata akaja Obama, bado seneta, mtaa ukafurika hadi pa kukanyaga pakakosekana. Tangu hapo kila mara kuna kundi la watu wenye kofia pana na chupa za maji linapitishwa kwenye vichochoro vya Laini Saba hadi kwenye reli, wapigwe picha mabati yakionekana nyuma yao. Jioni ikikaribia, wanarudi kulala Westlands au Karen. Nikajiambia: wakipata kitanda hapa hapa, hela si zitalala hapa pia?

Hesabu haikuwa mbaya. Kumbe anayekubali kulala hapa anataka Kibera ibaki kwenye picha, kitandani apewe Lavington. Kwenye ujumbe wake wa kwanza anaandika kwamba anatafuta maisha halisi ya mtaa. Ujumbe wa pili unaingia saa nne usiku, akiuliza kama hayo maisha halisi yanaweza kupunguzwa sauti.

Na sauti tunazo. Karibu na chumba cha Kawangware kuna kanisa la mabati lenye spika zinazotazama dirisha langu, na kila Ijumaa lina kesha. Serikali ilitunga kanuni za kuzuia kelele mwaka 2009. Nilizichapisha saiba, nikazipeleka kwa pasta nikiwa nimevaa koti. Akazipokea kwa mikono miwili, akazisoma zote, akaniambia, "Baba, nimekuelewa. Huyo mgeni wako tutamweka kwenye maombi." Nilidhani ni namna ya kunifukuza kwa heshima. Ijumaa ile, saa nane za usiku, nikiwa kitandani kwangu mtaa wa pili, nikasikia kipaza sauti kikinguruma: "Bwana, mguse huyo mgeni aliyelala juu ya duka la nafaka! Mpe usingizi!" Mkutano mzima ukaitikia amina, na ngoma zikapigwa kwa nguvu ili usingizi ushuke upesi.

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanafunzi kutoka Ujerumani, aliyekuja kuandika tasnifu juu ya maji. Alivaa viatu, akateremka, akaingia kanisani. Asubuhi nilipofika na maneno ya kuomba radhi nikamkuta anakunywa uji na wamama wa kwaya. Alinipa nyota tano. Kanisa aliliachia sadaka ambayo, nilipoipigia hesabu, ilizidi nilichopata mimi kwa juma zima. Sasa pasta akikutana nami njiani ananiuliza, "Baba, wageni wengine wanakuja lini?"

Mwanafunzi huyo huyo alifika juma ambalo mfereji ulikuwa umekauka. Nairobi inategemea sana maji ya Ndakaini, huko Murang'a, na yakishaondoka Murang'a yana mitaa mingi ya kusalimia kabla ya kutukumbuka Gatina. Nikamnunulia mitungi ya lita 20, nikampa karai na kikombe, nikajificha kwa aibu. Akaandika mtandaoni kwamba kuoga kwa karai kumemfundisha thamani ya kila tone. Juma lililofuata akaja ndugu yetu kutoka Nakuru, karai lile lile na kikombe kile kile. Huyo aliandika, "Hakuna maji. Hata Premier League hakuna." Nyota moja. Ningeweza kumweleza kuwa kikombe hicho kina historia, lakini alikuwa ameshapanda matatu.

Wakenya wenzangu ndio wananizeesha. Mzungu akiona waya ya shawa ya instanti imefungwa kwa selotepu, anaoga maji baridi na kumshukuru Mungu kwa uhai. Mkenya anaiwasha, anaiacha ikinguruma, anapiga pasi nguo za harusi za watu wanne, anachemsha maharagwe kwenye jiko la stima, halafu saa saba usiku ananipigia: "Bosi, tokeni zimeisha." Maharagwe! Kwa nyumba ya kulala usiku mmoja!

Habari ya funguo ni nyingine. Mtandaoni wanashauri ufunge ukutani kisanduku chenye namba za siri, mgeni ajifungulie. Nilikifunga Kibera. Kulipokucha kisanduku kilikuwa kimeng'olewa pamoja na misumari yake. Mlango ulikuwa salama kabisa, na ufunguo wa kuufungua haukuwepo. Sasa ufunguo anakaa nao mama mboga wa pale chini, na yeye hautoi bila mahojiano. Anataka kujua umetoka wapi, kwenu ni wapi hasa, umeoa, na kama umeoa, huyu uliye naye ni nani. Kuna wageni walionilipa wakafika hadi kwenye nyanya, wakageuza. Nilipomlalamikia aliniambia, "Baba watoto, mimi nakulindia jina." Tena ana haki ya kusema, kwa sababu mapema mwaka 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za aina hii hapa Nairobi, serikali ilitutaka sote tujisajili kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii na tumjue kila anayeingia. Hilo silinung'unikii. Nanung'unikia kitabu changu cha wageni, ambamo kabla sijaanza kudai kitambulisho, nusu ya waliolala Olympic walikuwa na majina ya mawaziri, na kila mwanamke aliyeandamana nao alikuwa binamu.

Kujisajili maana yake ni karatasi: leseni ya kaunti, kibali cha utalii, na asilimia 2 ya Mfuko wa Utalii, ile ile wanayotozwa wenye mahoteli ya bwawa la kuogelea. Bwawa mimi ninalo pia, msimu wa mvua, mbele ya mlango.

Baada ya kuwalipa landilodi wawili, mama fua, muuza maji, stima, intaneti na boda, hubaki kiasi cha kununulia mashuka mengine Toi, ya mitumba, kwa sababu meupe ya kwanza yalirudi na alama za hina kutoka kwa bibi harusi. Meupe! Mtandaoni wanasema shuka jeupe humpa mgeni imani. Aliyeandika hayo hajawahi kuona udongo wa Kawangware mwezi wa Aprili.

Halafu kuna mjomba. Alikuja kutoka Vihiga kwa ajili ya kliniki ya macho, miadi ya siku moja. Mke wangu akasema chumba cha Gatina kiko wazi, mzee atalala wapi tena? Kliniki ikampa tarehe nyingine, na mjomba akaona hakuna haja ya kwenda Vihiga na kurudi. Ameshazoea. Anakaa mlangoni na redio, na mtu akija kuulizia chumba anamwambia, kwa upole mwingi, "Pamejaa, mwanangu, ila karibu chai." Nilimgusia mke wangu habari ya kodi. Akaniangalia kwa muda. "Utamtoza Mjomba?"

Agosti 2025 tulipoandaa mashindano ya mpira ya CHAN na majirani zetu Tanzania na Uganda, nilidhani nimeokoka. Nilinunua bendera. Lakini mechi za Harambee Stars zilichezwa Kasarani, ng'ambo nyingine ya jiji, na wageni wakalala huko huko Thika Road. Madagascar walipotutoa kwa penalti kwenye robo fainali, aliyekuwa chumbani kwangu Gatina akilia ni mjomba, na hakuwa amelipa.

Bado kuna AFCON ya 2027. Uwanja wa Talanta unajengwa Jamhuri, kando ya Ngong Road, viti 60,000, na ukichora mstari kutoka Gatina hadi Olympic unakaribia kabisa kuugusa. Usiku nalala nikiwapanga Wasenegali wanne kwa kila chumba, wawili kitandani na wawili kwenye magodoro. Sikumwambia mtu. Lakini landilodi wa Kibera alinipigia simu, na salamu hakutoa.

"Unajua hapa kuna AFCON inakuja?"

Nikamwambia nimesikia.

"Basi kodi inapanda mwezi ujao."

Nikamkumbusha kwamba mpira ni 2027. Akasema simiti haingoji refa. Nikamwambia basi nitakirudisha chumba, nibaki na cha Kawangware. Mjomba, aliyekuwa amepunguza redio ili asikie vizuri, akanigusa bega.

"Usirudishe," akasema. "Shangazi yako naye macho yamemsumbua."