Sifa za Dili

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Kiingereza bila kumwomba mtu ruhusa, ni machache yanayofanya kazi nyingi kwa heshima kidogo kama dili, na la kusikitisha ni kwamba wanaolitumia asubuhi na jioni ndio hao hao wanaoliita neno la wahuni. Utetezi wake hauna mahali panapoufaa zaidi ya Tandale, kata ya Wilaya ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, ambako soko la nafaka, vyumba vya kupanga na vijiwe vya bodaboda vimebanana kiasi kwamba neno moja halina budi kuhudumia shughuli zote.

Nasaba yake si ya kubezwa. Neno deal lilitokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kugawa, na nomino yake ilimaanisha sehemu ya kitu kilichogawanywa, yaani kile ambacho muuza nyanya wa Tandale hukiita fungu. Baadaye Waingereza walilitumia kwa kugawa karata, kwa biashara, kwa mapatano na hata kwa wingi wa kitu, na kuanzia mwaka 1933 lilibeba jina la mpango wa Rais Franklin D. Roosevelt wa kufufua uchumi wa Marekani. Hata hivyo, maisha yake matamu yalianza lilipopata ngeli ya Kiswahili. Dili huchongwa, maana yake hupangwa polepole kabla watu hawajanusa. Likifanikiwa limetiki, likishindikana limebuma, na mwenye kijicho akilivujisha husemwa kuwa amemchomea mwenzake.

Tena halihitaji kitenzi ili lifanye kazi. Kitu kikiitwa dili, kimepata thamani ambayo jana hakikuwa nayo. Chupa za plastiki zilizozagaa kandokando ya Mto Ng'ombe zilikuwa taka mpaka alipotokea mnunuzi, na tangu hapo zikawa dili. Jambo ambalo mchumi angelieleza kwa sura nzima juu ya mahitaji na ugavi, Tandale inalimaliza kwa maneno mawili. Kwa dalali, yaani mtu anayewakutanisha mwenye nyumba na mpangaji kwa ujira, dili ni chumba ambacho mpangaji atalazimika kulipia kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja zaidi wa dalali mwenyewe, huku akihimizwa afanye haraka kwa kuwa yupo mwingine njiani.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni upole wake kwa mtuhumiwa. Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya uhujumu uchumi, mfanyabiashara aliyeficha sabuni na sukari ili aziuze kwa bei ya kuruka aliitwa mlanguzi, na neno hilo lilikuwa limekwisha kumhukumu kabla hajafika mbele ya hakimu. Dili halina ukatili huo. Kijana akiulizwa na mama mkwe anafanya kazi gani, hujibu kwa adabu kwamba ana dili zake mjini, na jibu hilo laweza kuwa kubeba magunia ya mchele sokoni, kupaka rangi nyumba za watu, au shughuli ambayo polisi wangependa kuielewa vizuri zaidi. Mama mkwe hana pa kumbania. Rushwa huhitaji mtoaji na mpokeaji, wote wahalifu, lakini wawili hao hao wakiiita dili hugeuka wafanyabiashara waliopatana bei. Ni rehema ambayo hata dini huitoa kwa masharti.

Zipo nyakati neno hili lilipoandamwa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2015, Rais John Magufuli aliwashambulia mara kwa mara wapiga dili, yaani wanaojitajirisha kwa mipango ya ujanja, hasa kwa mali ya umma. Aibu hiyo iliwaangukia wapigaji peke yao. Dili lenyewe lilitoka bila doa, likaendelea kutumika katika kurasa za michezo kila mchezaji alipohama timu.

Wanaotaka neno la nyumbani wanalo tayari mitaani, mchongo, lililozaliwa na kule kule kuchonga dili. Limeanza vizuri, kwa kuwa linabeba ajira, bahati na hila kwa pamoja, lakini limekosa uvumilivu wa mzee wake: siku hizi kitu cha mchongo ni kitu bandia, na msanii wa mchongo ni msanii wa uongo. Dili, pamoja na madhambi yake yote, halijafikia hapo.