Nyanya, Shemeji na Ofisa wa Bima

Dar es Salaam ukigongwa gari, huna haja ya kuuliza nani ana simu yenye kamera. Injini haijazima, watu wameshajaa, simu ziko hewani, na mmoja ameanza kutangaza mubashara: "Wadau, hapa Shekilango hali si shwari!" Pole utapewa baadaye, ikibaki.

Mimi nilivaliwa kwa nyuma na kirikuu iliyosheheni nyanya, pale Sinza, nikiwa nimesimama kwenye foleni, mguu kwenye breki, nasubiri wa mbele wasogee. Bampa la IST yangu likaning'inia upande mmoja, mlango wa nyuma ukaingia ndani, taa ya kulia ikapukutika. Matenga ya juu yakadondoka, nyanya zikatapakaa barabarani, na daladala iliyokuwa inachepuka kuwahi abiria ikazipitia zote zikawa rojo. Sikupata hata mchubuko. Dereva wa kirikuu naye alishuka mzima, kajishika kichwa, analilia nyanya.

"Dada yangu, tuyamalize hapa hapa," akaniambia. "Nina fundi wangu Tandale, ananyoosha bodi mpaka mwenyewe utasahau kama uligongwa."

Nikamwambia nina bima kubwa, bima yangu itajuana na bima yake. Alivyoninyamazia, ungedhani nimetukana wazazi wake.

Wakati huo picha zinapigwa kweli kweli. Wanapiga nyanya. Wanapiga uso wangu. Kijana mmoja wa jezi ya Yanga, ambaye hadi leo sijui alitokea wapi, kaegemea kila kinachoegemeka na kunyoosha dole gumba. Katika picha za umati ule sijaona ambayo hayumo. Moja ya picha hizo ilifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla trafiki hajafika eneo la tukio. Sasa fikiria wanachokiona wenzangu: gari langu limebonyea, lami yote nyekundu, mimi sionekani. Shangazi wa Tanga akaanza kulia kwa ujumbe wa sauti. Mjomba wa Morogoro, mtu wa vitendo, alikuwa ameshafungua orodha ya michango, jina lake likiwa la kwanza: elfu hamsini (ahadi). Nilipoandika "Jamani nipo hai, hizo ni nyanya," orodha ilifutwa kwa kasi ambayo ukoo wetu haujawahi kuionyesha katika jambo lolote lenye maendeleo.

Mume wangu alikuwa safarini Dodoma. Akanituliza kwa simu: "Usihofu, namtuma mdogo wangu akupigie picha za bima. Kamera ndiyo kazi yake." Ni kweli ndiyo kazi yake. Anapiga harusi.

Shemeji alifika na bodaboda, begi mgongoni, na lile duara la kurudisha mwanga kwapani. "Shem, hii niachie." Akalala chini kwenye rojo la nyanya kulipata bampa kwa pembe aliyoitaka. Akamgeukia dereva wa kirikuu: "Braza, sogea kushoto kidogo, tazama mbali, uwe na mawazo." Mawazo alikuwa nayo tayari, hakuhitaji kuelekezwa. Nilipoomba apige barabara nzima, akaniambia kwa upole kwamba barabara inaharibu picha.

Trafiki alipokuja hakuwa na habari na sanaa. Akatoa futi kamba, akapima, akachora mchoro wake kwenye karatasi, kisha akapiga filimbi: "Haya toeni magari, mnafunga mji!" Hapo ndipo penye ubaya wa ajali. Gari likishasogezwa, eneo la tukio limekwisha, limebaki vipande vya taa na mbuzi wanaokula nyanya. Kama hukupiga, hukupiga.

Kituoni mambo yakageuka. Yule aliyekuwa ananiita dada yangu akaandika maelezo kwamba yeye alikuwa amesimama kwa utulivu wake, mimi ndiye niliyerudi rivasi nikamgonga. Nilirudi rivasi! Katikati ya foleni ya Shekilango, saa ya watu kutoka kazini! Lakini maelezo yakishaandikwa yana uzito wake, na neno langu na lake yakawa yanalingana.

Usiku picha za shemeji zikaingia. Niseme ukweli, sijawahi kuona IST nzuri namna ile. Jua la magharibi limepiga boneti, nyuma kote ni ukungu laini wa dhahabu. Watu hawapo. Nyanya hazipo. Na bampa, bampa langu lililokuwa linaburuzika chini, limenyooka. Nikampigia. "Shem, nimezisafisha," akasema kwa fahari. "Vile vikasoro vidogo vidogo nimetoa. Hiyo sikuchaji."

Ofisa wa madai pale kwenye kampuni yangu ya bima, dada mwenye miwani na subira, alizitazama moja baada ya nyingine. "Mama, hili ni gari lililogongwa au ni tangazo la kuuza?" Kisha akanieleza anachokitaka, na nakiandika hapa kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia. Magari yote mawili yakiwa pale pale yalipogongana, kutoka mbali, kwa pembe zote nne. Mistari ya barabara na kitu kisichohama, kibao cha duka au nguzo ya umeme. Namba za usajili, maana kwa namba tu anaingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, na kuona kama mwenzako ana bima hai. Mwisho ndiyo usogelee palipobonyea. Zisiguswe na programu yoyote. Na ukizituma WhatsApp, zitume kwa njia ya dokumenti, kwani zikienda kawaida zinabanwa na taarifa za saa na mahali zinafutika.

Picha niliyoihitaji ilikuwepo, na aliyeipiga ni konda wa ile daladala iliyoponda nyanya. Dereva wa bajaji wa kijiweni kwetu ndiye aliyenielekeza kwake. Nikamkuta Makumbusho akiita abiria. Konda kwenye foleni hapigi picha kwa kujifurahisha. Jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, na tajiri haamini foleni asiyoiona. Kwa hiyo anapiga yote: magari, kibao cha duka la dawa, saa. Mfaransa Alphonse Bertillon, wa polisi ya Paris, zaidi ya miaka mia moja iliyopita alikuwa akiweka kamera juu ya stendi ndefu ili eneo la tukio lionekane kutoka juu, kila kitu mahali pake. Konda hamjui Bertillon. Yeye alikuwa ananing'inia mlangoni.

Na picha yake ilisema kila kitu. Taa yangu ya breki iliyosalia inawaka. Ya rivasi imezima. Na kati ya pua ya gari langu na pikapu ya mbele hapapiti hata paka. Ofisa aliikuza, akaitazama, akacheka. "Aliyerudi nyuma huacha nafasi mbele. Wewe umesukumwa." Konda nilimpa ya soda, akaniomba nisimwambie afute picha, kwani tajiri alikuwa bado hajaridhika.

Bima walilipa. Sehemu ya kwanza ya gharama nilichangia mwenyewe, ndivyo mkataba wa bima kubwa unavyosema. Gari limerudi barabarani, na yule wa kirikuu tukipishana ananipungia mkono kama ndugu.

Picha za shemeji nimezitunza zote. IST nina mpango wa kuiuza mwaka huu na tangazo, unaona, liko tayari. Mwenye uhitaji wa gari safi anitafute. Limegongwa mara moja tu, na ushahidi anao konda.