Singe na Cheti Chake

Wakusanyaji wa singe za kale husisitiza: nunua kwa muuzaji mwaminifu. Sawa, ila Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu kwa meli, wakapigana Bukoba siku mbili, wakabomoa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, kisha wakaupora mji. Singe iliyobebwa siku ile haikuwa na stakabadhi. Uaminifu, naona, huanzia kwa muuzaji wa pili. Mtaniambia cheti huzuia bandia. Labda, kwa kuwa hutegemea mhuri wa kiwanda, nao humtaja mtengenezaji. Lakini mhuri haujui vita, na vita ndivyo vinavyopandisha bei. Kemondo, karibu na Bukoba hiyo hiyo, watu walikuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita, ila jembe kuukuu la Muleba jirani nani alitafutie cheti? Halikumchoma mtu.